Ukigusa, Umecheza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na paa la stoo linavuja palepale lilipokuwa likivuja nilipokuwa na miaka mitano. Naandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele, na nyumba hii ina saa nyingi ukutani kiasi kwamba hata kelele zangu hazitasikika.

Nimerudi kwa wazazi wangu kujiandaa. Mwanzoni mwa Juni natetea ubingwa wa dunia wa sataranji, ubingwa nilioutwaa miaka mitatu iliyopita. Baba ndiye kocha wangu, hajawahi kuwapo mwingine, na Baba amesema maandalizi yafanyike hapa, "pale tulipoanzia." Wakuu wa shirikisho wakaitikia kwa vichwa kama kawaida yao. Mimi sikuulizwa. Nilipewa chumba changu cha zamani, kitanda changu cha zamani, na ratiba iliyobandikwa mlangoni kwa mwandiko wa Baba, ule mdogo uliosimama wima, mwandiko wa mtu aliyezoea kutengeneza saa.

Mama amenipokea vizuri. Amenikumbatia, amenipa chai, amesema nimekonda. Lakini hanitazami machoni.

Alhamisi, 7 Machi

Sasa najua kwa nini Mama hanitazami machoni.

Nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta ndoo ya kukingia maji ya paa. Nilidhani stoo siku hizi inahifadhi vitunguu na sabuni. Nikakuta mlango umefungwa kwa komeo la nje, na ndani nikasikia mlio ninaoujua kuliko sauti yangu mwenyewe, mlio wa kete ikiwekwa juu ya ubao.

Nilifungua. Alikuwa Kipengo, binti wa kaka yangu. Ana miaka sita, meno mawili ya mbele yamemtoka, ndiyo maana tunamwita hivyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Sisemi kiti kinachofanana na changu, nasema kile kile, chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Miguu yake haikufika chini.

"Shikamoo, Shangazi," alisema bila kuinua macho. "Usinisemeshe kwanza, bado sijapata."

"Hujapata nini?"

"Mati kwa hatua tatu, mfalme afungwe asitoroke. Babu amesema nikipata natoka."

Niliuacha mlango wazi nikaenda kumtafuta Baba katika duka lake la saa pale mbele. Alikuwa ameinamia saa ya mtu, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho. Hakuinua kichwa.

"Umefungua mlango," alisema.

"Baba, yule ni mtoto."

"Na wewe ulikuwa nini, jiwe?"

Kisha akacheka, kwa sababu magazeti huniita Binti Jiwe. Alikwenda mwenyewe kuufunga. Nikabaki nimesimama katikati ya saa zake zote, mtu mzima mwenye taji la dunia, nikiuma meno.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Masomo ya ufunguzi, hatua za kuanzia mchezo, kwa kete nyeusi, kutwa nzima. Simpendi mtu yeyote leo.

Jumanne, 19 Machi

Nataka niandike jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu huko nje ipo hadithi nyingine inayosimuliwa, na hadithi hiyo inanitia kichefuchefu.

Hadithi ya nje ni hii. Fundi saa maskini aligundua binti yake wa miaka minne akitazama ubao, binti akamwambia wapi pa kuweka farasi, na fundi akaona nuru. Binti akamshinda baba yake akiwa na miaka saba. Akazunguka na mashindano akiwa na tisa, akawafunga wanaume wenye ndevu, akapata cheo cha ugwiji akiwa na kumi na minne, akawa bingwa wa dunia. Yote hayo ni kweli. Ni kama kusema mtu alisafiri salama bila kusema kwamba alikuwa ndani ya buti la gari.

Walichokiruka ni stoo. Nilikuwa naingizwa baada ya chai ya asubuhi, komeo linapigwa kwa nje, natoka nikishapata jibu. Siku nyingine nilitoka kabla ya chakula cha mchana, siku nyingine jua limeshageuka. Shule nilikwenda ili kufanya mitihani tu. Marafiki sikuwa nao, nilikuwa na paka. Na hata paka alikuja kwa ile kanuni.

Kila mchezaji wa sataranji anaijua kanuni hiyo. Ukiigusa kete yako, lazima uichezeshe, hata ukiona umekosea. Kama unataka tu kuisogeza ikae vizuri, unasema kwanza "naweka sawa," ndipo unaigusa. Kwa wengine kanuni hii huishia ubaoni. Kwetu Baba aliitandaza nyumba nzima. Ukigusa kipande cha mkate, umekila, hata kama kina sisimizi. Ukigusa nguo dukani, ndiyo hiyo utakayovaa. Siku moja nilimgusa paka barabarani, wa watu, mwenye upele, na Baba akasema, "Umegusa, umecheza." Tukambeba. Aliishi kwetu hadi alipozeeka akafa, na hakuwahi kunipenda.

Na mlango wa stoo vilevile. "Ukigusa mlango, umetoka," alikuwa akiniambia. "Na ukitoka, umetoka kwenye sataranji. Hurudi tena." Nilikuwa naipenda sataranji kuliko chakula. Hiyo ndiyo sehemu ambayo siwezi kumwelezea mtu. Nilikuwa nakaa mbali na ule mlango kama watoto wengine wanavyokaa mbali na moto.

Kipengo anakaa vivyo hivyo. Nimemchungulia leo kwenye dirisha dogo. Amevuta kiti hadi ukutani upande wa pili.

Jumapili, 24 Machi

Nimemkabili Baba. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mchezo, nikapanga atakachosema na nitakachojibu. Nilidumu kama dakika tatu.

Nilimwambia muhula unaofunguliwa Aprili Kipengo aende shule kama watoto wengine, na komeo ling'olewe. Akasema mtoto ana kipaji. Nikasema kipaji hakihitaji komeo. Akasema, "Chako kilihitaji." Nikasema basi nitatafuta kocha mwingine.

Alivua kioo chake cha jicho, akakifuta taratibu kwa kitambaa.

"Huwezi," alisema. "Miezi miwili kabla ya kucheza? Mpinzani wako anajua kila unachokipenda. Nani mwingine anajua unachokiogopa? Ulishagusa, binti yangu. Maliza kucheza."

Nilitaka kuuchukua ule ukuta mzima wa saa niumwage chini. Badala yake nilirudi chumbani nikafanya mazoezi ya miisho ya ngome, namna ya kumaliza mchezo zikibaki ngome tu, kwa sababu ratiba ilisema miisho ya ngome, na nilifanya vizuri, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Mpinzani wangu tunamwita Daktari wa Meno. Ndiyo kazi aliyosomea, na ndivyo anavyocheza: anakufungua mdomo, anatazama, hana haraka.

Jumanne, 2 Aprili

Barabara imejaa tope. Mteja ameteleza mbele ya duka, saa yake ikapona, kiuno hakikupona. Kipengo alicheka hadi Babu yake akamtazama.

Jumanne, 9 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya Kaka.

Kaka ni fundi umeme. Aliachana na mama wa Kipengo, mwanamke akaenda kuanza maisha mengine mbali, na Kaka akarudi kuishi na wazazi. Ni mtu mpole, wa ndiyo na hewala. Nimemdharau tangu nilipofika na sikulificha. Nilimkuta barazani akimenya nyaya.

"Wewe ni baba wa aina gani?" nilimuuliza. "Mwanao anafungiwa stoo, wewe unamenya nyaya."

"Anajifunza chesi."

"Anafungiwa."

"Na wewe ulifungiwa. Tazama ulipo."

Nikamwambia hajui asemalo, hajawahi kukaa mle. Hapo akaweka kisu chini.

"Nilikaa," alisema. "Kabla hujazaliwa. Nilikaa mle kwa wiki kadhaa, halafu Baba akanitoa akaniambia niende nikacheze mpira. Hakuniita tena. Unajua mtoto wa miaka mitano anapoambiwa nenda kacheze mpira anasikia nini?" Alichukua waya mwingine. "Halafu ukaja wewe. Nilikuwa nasimama kwenye lile dirisha la nyuma kukutazama. Nilikuwa nakuonea wivu hadi nashindwa kula. Sasa amemchagua mwanangu. Unataka niseme hapana?"

Nilimwambia ndiyo, nataka aseme hapana. Akasema ni rahisi kwa aliyechaguliwa kusema hivyo.

Nilikwenda zangu nikiwa nimefura. Sijui nilimkasirikia nani. Miaka yote hii nilidhani yeye ndiye aliyeponyoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi. Sijala.

Nilimkuta Mama jikoni. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, akamwingiza Kipengo, akamwambia Mama, "Funga." Mama akafuta mikono kwenye kanga, akapiga komeo. Baba akaenda dukani. Mimi nilisimama kwenye kona ya jiko nikamuuliza Mama, kwa sauti ya chini kwa sababu nilijua nikiipandisha sitaweza kuishusha, anawezaje. Alinifungia mimi. Sasa anamfungia mjukuu. Mikono ile ile.

Mama alisikiliza kwanza hatua za Baba hadi kiti cha dukani kilipolia. Kisha akarudi kwenye mlango, akaweka kidole juu ya komeo, akalirudisha nyuma polepole bila mlio. Akaendelea kumenya vitunguu.

"Ndivyo ninavyofanya," alisema. "Nafunga akiwapo. Akiondoka nafungua."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

Sikuelewa. Au nilielewa na sikutaka.

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nakungojea hapa jikoni. Nilikuwa nasema moyoni, leo atasukuma. Hukuwahi kusukuma."

Najua alitaka niseme ahsante, au nilie mabegani mwake, sijui alitaka nini. Nilimwambia: "Ulikuwa unangojea mtoto wa miaka mitano akuokoe wewe." Nilimwambia komeo linalofunguliwa kimya kimya ni la nini, kama mdomo umefungwa. Angeweza kuingia anishike mkono. Angeweza kuingia akakaa tu, akamenya hivyo vitunguu vyake mle ndani na mimi. Miaka yote ile alisimama nyuma ya ubao mwembamba akiwa na siri ambayo ingenitoa, akaimeza, na leo ananipa kama zawadi.

Alisema, "Ungemjua baba yako wakati ule."

Nikasema nilimjua. Nilikuwa naishi naye.

Aliendelea kumenya. Vitunguu vilimpa kisingizio cha machozi, na hata hicho nilimwonea kijicho, kwa sababu mimi Baba alinifundisha kutolia mbele ya ubao na sasa sijui tena kulia mbele ya kitu chochote.

Jumanne, 16 Aprili

Asubuhi, Baba alipokwenda kununua betri za saa, nilisukuma mlango wa stoo nikaingia. Nilichuchumaa mbele ya Kipengo nikamwambia, "Nina siri. Huu mlango haujafungwa. Bibi huufungua. Ukitaka, sukuma tu."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mjinga.

"Najua, Shangazi. Namsikia Bibi akifungua. Komeo linasema tik."

"Sasa mbona hutoki?"

"Nikigusa mlango nimetoka. Na nikitoka, Babu amesema sichezi tena mpaka nizeeke." Akasogeza farasi wake, akamrudisha. "Mimi napenda kucheza."

Nilitoka nikaketi kwenye jiwe la kufulia. Mvua ilininyeshea na sikuinuka.

Sijazungumza na Mama.

Jumatatu, 22 Aprili

Shule zimefunguliwa. Watoto wa mtaa wamepita mbele ya nyumba na mabegi yao, wakipigana kwa miavuli. Nimegundua kwamba Kaka alimnunulia Kipengo yunifomu. Iko kwenye msumari chumbani kwake, imepigwa pasi, na begi chini yake. Hakuwahi kumwambia Baba. Kumbe na yeye ana komeo lake analolifungua kimya kimya. Familia hii ingekuwa na ushujaa kama ungehesabiwa ule usioonekana.

Kipengo alikuwa stoo. Watoto wakiimba huko nje, nilisikia kete zimeacha kugonga kwa muda. Kisha zikaendelea.

Jumatano, 1 Mei

Mvua siku nzima. Nimecheza vibaya na Baba amefurahi, anasema hasira ni nzuri ikija kabla ya mashindano. Hajui hasira ni ya nani. Au anajua.

Kitu kimoja sijawahi kukiandika popote: tangu nilipomshinda nikiwa na miaka saba, Baba hajawahi kucheza nami tena. Hata mchezo mmoja. "Kocha hachezi," husema. Hunipangia ubaoni michezo ya watu wengine, husimama nyuma yangu, hupumua.

Jumamosi, 11 Mei

Leo wamekuja mwandishi wa gazeti na mpiga picha wake kuandika habari za maisha yangu kabla ya mashindano. Nitaandika yote, yasije yakanitoka.

Baba alivaa koti. Aliwatembeza dukani, akawaonyesha saa ya kwanza ya sataranji aliyoiunda kwa mikono yake, akawaonyesha hata stoo, ndiyo, akaiita "chumba cha masomo." Mama alikuwa amefagia. Komeo lilikuwa limepakwa mafuta. Mwandishi, kijana wa heshima zake, alisema ah na oh akaandika.

Kisha tukakaa sebuleni, mimi, Baba, Kaka kwenye kiti cha pembeni, Kipengo miguuni pa Baba kama pambo, na Mama akiingia na kutoka na chai. Mwandishi akamuuliza Baba siri ya malezi yake.

"Kanuni moja," Baba alisema. "Katika nyumba hii, ukigusa, umecheza. Mtu asiyerudisha mkono wake nyuma ndiye bingwa."

Akatoa na mfano. Nilijua atautoa, huutoa kila mahali. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, kwenye fainali, mkono wa sweta langu ulimgusa mfalme. Mwamuzi hakuona, mpinzani hakuona. Nilisema mwenyewe, "Nimegusa," nikamsogeza, nikashindwa. Watu walisimama wakapiga makofi. Magazeti yakaniita mtoto mwaminifu kuliko wote. Baba akiisimulia huwa anatoa machozi kidogo, na leo aliyatoa. Hakumwambia mwandishi kwamba alikuwa amekaa safu ya tatu, na kwamba niliogopa jicho lake moja kuliko kupoteza michezo yote duniani.

Mpiga picha akataka picha ya baba na binti kwenye ubao. Baba akaupanga mwenyewe, kete za ule mchezo ulionipa ubingwa, yeye akakaa upande wa nyeusi, mimi upande wangu. Mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka saba baba yangu amekaa mbele yangu na ubao katikati. Niliweka mikono mapajani kama alivyonifundisha, na nilijichukia kwa hilo.

"Mzee, shika kete mojawapo," mpiga picha akasema. "Kama unacheza vile."

Baba akanyoosha mkono, akamnyanyua malkia.

Nikatazama ubao. Popote ambapo malkia yule angekwenda, nilikuwa na mati. Yeye pia aliona, niliona anavyoona. Na kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka miguuni pake.

"Babu, umegusa."

Watu wazima wakacheka. Mpiga picha akasema shikilia hapo hapo mzee, safi sana.

"Hii ni ya picha tu, mjukuu wangu," Baba alisema.

"Cheza, Baba," nikasema mimi.

Alinitazama. Nilimtazama. Sikucheka, na kicheko cha wengine kikapungua kikaisha. Baba akamrudisha malkia kwenye mraba wake, akamzungusha kidogo kwa kidole, akasema, "Naweka sawa."

"Inasemwa kabla," Kipengo akasema. Hakuwa na ujeuri hata chembe. Alikuwa anamkumbusha kama angemkumbusha kufunga vifungo vya koti. "Ukigusa kwanza haihesabiki, Babu. Wewe ndiye ulisema."

"Nyamaza," Baba akasema. Sauti ile ya stoo. Mwandishi akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Baba akatabasamu haraka haraka. "Mtoto amechoka. Nenda kamalizie somo lako, malkia wangu. Mama, mpeleke."

Mama akampeleka. Nikasikia komeo. Na kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza, nikasikia na ile tik ya pili. Mpiga picha akapiga picha zake. Nilikuwa nimemwona mtu mzima akirudisha mkono wake nyuma, basi, na dari haikuanguka. Baba yangu aligusa na hakucheza. Kumbe inawezekana. Maisha yangu yote nimekula mikate yenye sisimizi.

Mwandishi alikuwa anauliza swali kuhusu Daktari wa Meno tulipousikia mlango wa stoo. Haukufunguliwa polepole. Ulisukumwa ukagonga ukuta wa jiko. Kipengo akapita jikoni, akapita sebuleni katikati yetu, kati ya kamera na Baba, viatu mkononi, akaelekea mlango wa nje.

"Unakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Nimegusa mlango, Babu," akasema. "Lazima nitoke."

Akatoka. Tulimwona kupitia dirishani amesimama kwenye tope, akivaa viatu, kushoto kwenye kulia.

"Rudi hapa," Baba akasema. Akageuka kwa Kaka. "Mrudishe mwanao."

Kaka akainuka. Nilidhani ndiyo hewala nyingine. Aliingia chumbani kwake, akatoka na begi la shule begani na ile yunifomu mkononi. Jumamosi hakuna shule, kila mtu anajua, hata yeye. Akaenda kusimama kwenye tope pamoja na mwanawe, amebeba vile vitu, mvua ikaanza tena, na hakuna aliyeingia ndani.

Mwandishi akauliza kama hiki nacho ni sehemu ya mafunzo. Nilimwambia hapana. Nilimwambia afungue ukurasa mpya, nina jambo la kumsimulia kuhusu fainali nikiwa na miaka kumi na moja, na kuhusu kile chumba cha masomo. Baba akasema mahojiano yamekwisha. Nikasema yake yamekwisha, mimi ndiyo kwanza naanza.

Jumatatu, 13 Mei

Kipengo amekwenda shule. Yunifomu ni kubwa, mikono inamfika kwenye vidole. Kaka alimpeleka na gari la kazi lenye ngazi juu.

Baba amejifungia dukani. Amesema nimemvua nguo mbele ya watu. Nimemwambia hatasafiri na mimi, Kaka ndiye atakayesafiri. Akauliza Kaka anajua nini kuhusu sataranji. Nikamwambia anajua kubeba begi na kusimama kwenye mvua.

Mama alikuwa jikoni. Alisema, kama anazungumza na sufuria, "Huyu amesukuma." Kisha akakaa chini sakafuni, hapohapo, mwanamke ambaye sijawahi kumwona ameketi mchana. Bado sijamsamehe. Nilikaa chini karibu naye, tukamenya vitunguu. Nilimenya vibaya na akaniambia.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Tope linakauka na kunuka. Kipengo amerudi kutoka shule, ametupa begi, akaenda stoo mwenyewe, akatoka na ubao kichwani.

"Babu alisema sichezi tena," nilimwambia.

"Babu alisema pia ukigusa umecheza, naye aligusa na hakucheza," akajibu, akaanza kupanga kete barazani. Nilimshinda mara mbili, akanuna, akataka mara ya tatu. Dukani kioo cha jicho kiligeuka kututazama, kikarudi kwenye saa.

Jumapili, 2 Juni

Hotelini. Mchezo wa kwanza ni leo saa tisa, nina kete nyeupe. Kaka yuko chini akibishana na watu wa hoteli kuhusu taa ya meza yangu, amesema ataitengeneza mwenyewe na hawataki.

Nilikuwa nakunywa chai mlango ulipogongwa. Nilizijua zile hodi kabla ya sauti.

"Ni mimi," Baba alisema nyuma ya mlango. Amesafiri peke yake. "Nimekuletea ufunguzi. Daktari wa Meno atakuchezea ule wa kwenye mashindano ya mwisho, lazima tuupitie. Fungua, binti yangu. Ukikosea hatua ya kumi umekwisha."

Labda ni kweli. Hakosei kuhusu hatua ya kumi. Niliinuka, nikaenda, nikashika kitasa. Kilikuwa baridi. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kukizungusha wenyewe, kama ulivyofundishwa.

"Umekishika," alisema. Aliona kinavyosogea upande wake. "Nimeona. Umeshagusa."

"Nimegusa," nilisema.

Nikaondoa mkono. Kitasa kikarudi mahali pake kikatulia. Alisubiri, na mimi nilisubiri, nikimsikia akipumua kama alivyokuwa akipumua nyuma yangu miaka yote, ila sasa palikuwa na ubao wa mlango katikati yetu na mimi ndiye niliyekuwa na komeo. Mwishowe viatu vyake viliondoka polepole kwenye zulia.

Nilirudi mezani nikamalizia chai. Ilikuwa imepoa.